Fundi Kesho Afungua Ukurasa Mpya

Wateja walimwita Fundi Kesho, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa hodari wa kushona nguo, ila hakujua kukataa kazi. Alimwambia kila mteja, "Njoo kesho." Kesho ikifika, alijificha nyuma ya pazia. Mkewe alisimama mlangoni akisema, "Ametoka."

Asubuhi moja mkewe alimletea chai, akaketi.

"Baba watoto, nimechoka kukusemea uongo. Leo jirani tuliyemdanganya hakuitikia hata salamu yangu. Akija mtu tena, nitamwonyesha ulipo."

Fundi aliona haya. "Usijali, mama watoto. Jana kwenye masomo ya jioni tulijifunza msemo wa Kiingereza, nami naufuata: Nimefungua ukurasa mpya."

"Mwezi uliopita uliapa pia."

Mwalimu wake wa masomo ya jioni aliingia wakati huo, kitambaa cha gauni mkononi. Mke akamweleza yote, bila kuficha hata pazia.

"Fundi," mwalimu alisema, "ukurasa ule ni wa kitabu. Ukishaufunua, unaandika mapya. Maana yake ni kuacha mwenendo mbaya na kuanza mwema. Tunasema, 'Dereva yule amefungua ukurasa mpya, hanywi tena.' Lazima tuone hanywi. Wewe kwa siku unashona nguo ngapi?"

"Mbili."

"Unapokea ngapi?"

Fundi alitazama rundo la vitambaa. "Hata sita. Naogopa kumkosa mteja."

"Ukimwambia kweli, huenda akasubiri. Ukimdanganya, atahama tu."

Fundi alihesabu rundo kwa kidole. "Basi gauni lako, mwalimu, haliwezekani kesho. Njoo Alhamisi ya wiki ijayo." Maneno yalimtoka kwa taabu.

Siku zilizofuata aliwaambia wateja watatu ukweli. Wawili walikubali kungoja. Wa tatu alikwenda kwa fundi mwingine, na roho ilimuuma Fundi sana. Lakini alishona mbili kila siku. Alhamisi ile gauni lilikuwa tayari, limepigwa pasi. Mwalimu hakutokea. Alikuja Jumamosi.

"Nilijua Alhamisi yako ni Jumamosi," alisema akicheka. Fundi alimtazama mkewe.

Mke alilitoa gauni, akamkabidhi mwalimu. "Liko tayari tangu juzi," alisema, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu safari hii alichomwambia mteja kilikuwa kweli tupu.