Mkanda wa Maharusi wa Nyumba ya Tazini

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne Aprili, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya Tazini, ndani ya mji mkongwe wa Fes. Siku hizi nyumba hiyo ni hoteli. Sanduku la kioo ukumbini lilikutwa tupu. Mkanda wa dhahabu waliovikwa maharusi wa ukoo wa Tazini, hadi ulipouzwa pamoja na nyumba yenyewe, haukuwemo.

Mwenye hoteli, Si Jalil, yaani Bwana Jalil, mtu wa Casablanca, hakungoja uchunguzi. Alimtaja Hnia, mfanya usafi. Mkuu wa polisi naye, bila kunyanyuka kitini, akampigia simu Inspekta Lahcen: amalize kabla ya adhuhuri, mwizi si ameshajulikana? Wakubwa ndivyo walivyo, kitu kikipotea macho yao humwangukia kwanza mwenye ufagio. Lahcen akamtia pingu mama wa miaka hamsini na kitu mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai. Hakuthubutu kumtazama usoni.

Jana mchana, saa saba hadi saa nane, Hnia alikuwa peke yake huko chini. Alishikilia kwamba hakuna aliyeingia. Mgeni mmoja tu hakutoka siku hiyo, Odile, bibi wa Kibelgiji aliyekula supu ya konokono sokoni ikamwendesha. Lahcen alimpekua. Begi lilipoinamishwa zikamwagika sabuni za hoteli, na bibi wa watu akawa mwekundu hadi masikioni. Mkanda haukuwemo. Ila alikumbuka kitu: saa ile ya jana mlango uligongwa polepole, ukafunguliwa, na aliyefungua hakuuliza ni nani.

"Hakuna aliyegonga," Hnia alidakia. "Huyu alikuwa na konokono tumboni, afande. Labda ndio waliogonga."

Kabla Lahcen hajamjibu, mlango ukagongwa. Mlio mwembamba, wa taratibu.

"Ndio huo," Odile alisema.

Hnia alikuwa ameshasimama kwenda kufungua, pingu mkononi. Kisha akakumbuka, akakaa, uso umemparama.

Lahcen akafungua mwenyewe. Alikuwa Othman Tazini, mkubwa wa ofisi ya majengo ya kale, aliyeitwa na Si Jalil aandike ripoti ya upotevu. Suti safi, manukato; mji mzima ulijua anamwoza binti yake Jumamosi. Lahcen alimuuliza alifika lini mara ya mwisho. Tangu tulipouza, alijibu, sijakanyaga hapa.

"Na jana?"

"Jana nilikuwa ofisini."

Lahcen akamwita Si Jalil mlangoni, akamwonyesha pete mbili za shaba za kugongea, kubwa na ndogo. Si Jalil alidhani ni mapambo.

"Mgeni anabonyeza kengele," Lahcen alisema. "Mtu baki wa hapa mjini anagonga kubwa, wanawake wapate kujistiri. Ndogo ni ya watu wa nyumba. Ukiisikia, unafungua tu. Si Othman, umegonga ipi sasa hivi?"

"Mkono umezoea."

"Na jana ulizoea. Twende kwako, tumwulize binti yako Jumamosi atavikwa nini."

Othman akakaa kwenye ukingo wa chemchemi. Alieleza kwa sauti ya chini. Aliwaapia wakwe wa binti yake kwamba mkanda bado uko mikononi mwa ukoo wa Tazini. Angewaambia vipi kwamba yeye, mlinzi wa urithi wa mji mzima, aliuza mkanda wa mama yake? Jana alimtuma Hnia amletee maji, akafungua kioo, akautia chini ya koti.

"Na wewe ulijua?" Lahcen alimuuliza Hnia.

"Nilijua asubuhi hii, nilipoona kioo kitupu."

"Ukanyamaza nikufunge?"

"Mama yangu alimnyonyesha huyu, afande. Ziwa moja kwake, moja kwangu. Nimwite ndugu yangu mwizi mbele ya wageni?"

Lahcen akamfungua pingu. Simu yake ikalia. Mkuu tena, ameshasikia kwa Si Jalil: mkanda urudi kimyakimya, jina la Si Othman lisiandikwe popote. Lahcen akaitika "ndiyo, mkuu," na kila aliyekuwepo akamsikia.

Hnia alisogea akasimama mbele ya Othman, akisugua vifundo vya mikono.

"Ndugu yangu," alisema, "Jumamosi, mwanao akivishwa mkanda, watu wakipiga vigelegele na mimi niko jela, wangekuuliza shangazi yake yuko wapi. Ungewajibu nini?"