Nusu ya Dawa ya Bosi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimshika mdogo wake mabega ili mama ampe dawa. Jina la Chiriku alilipata nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiopoa. Mdogo wake wa miaka mitano aliitwa Bosi, kwani maneno yalimpiga chenga lakini kuamrisha kwa kidole alijua: hiki kileteni, kile kiondoeni. Bosi alikuwa na kifafa, miguu dhaifu na kifua kilichombana mara kwa mara. Alikunywa dawa za aina tatu, na ile ya kifafa ndiyo iliyomnyima Chiriku raha.

Hofu ilimwingia siku alipomwona mama akimimina dawa hiyo kijiko kizima, kisha akirudisha nusu kwenye chupa.

"Mama, daktari alisema kijiko kizima."

"Akinywa kizima anapepesuka, anasinzia kutwa, na chakula hagusi. Si umemwona mwenyewe?" Mama alikuwa fundi cherehani, na alikwisha kuweka chupa na kushika sindano. "Nguo ikimzidi mtu inapunguzwa. Na neno hili liishie humu ndani."

Chiriku akalimeza, ingawa halikushuka vizuri. Kifafa nacho hakikupungua. Wiki hiyohiyo kilimwangusha Bosi karibu na meza ya cherehani. Chiriku alimlaza kiubavu kama alivyofundishwa, akakaa naye mpaka mtoto alipofumbua macho.

Siku ya miadi ilipofika, Chiriku alifuatana nao hospitali, kwa kuwa mama hakuweza kumbeba Bosi na mkoba wake peke yake. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani aliyoisukuma juu kila alipouliza swali.

"Dawa ya kifafa anaipata yote, mama?"

"Yote, daktari."

Chiriku akainamisha macho. Aliona haya kana kwamba uongo ule ameusema yeye.

"Basi kama bado anaanguka, hapa pana jambo," alisema daktari. "Kipo kipimo cha vinasaba ningependa tumfanyie. Vinasaba ni maelekezo ya mwili ambayo mtoto hurithi kwa wazazi wake..."

Mama aliposikia neno kurithi, uso ulimbadilika. Chiriku alijua sababu. Shangazi yao alikuwa hachoki kusema, "Kwetu maradhi haya hayapo, mtoto ameyatoa kwa mama yake." Baadaye mama alikuwa akilia.

"Kipimo hicho sikitaki," mama alisema.

"Sitakulazimisha. Lakini hatuwezi kumwacha aendelee kuanguka. Tutamlaza leo na kuongeza dawa iwe kijiko kimoja na nusu. Wauguzi watampa wenyewe."

Daktari akachukua kalamu. Kijiko kizima tu kilimfanya Bosi apepesuke, na sasa angepewa mara tatu ya alichozoea. Alimtazama mama. Mama alikuwa ameukamata mkanda wa mkoba kwa nguvu, midomo ikicheza, lakini neno halikutoka. Kumkosoa mzazi mbele ya mtu baki ni utovu wa adabu, hilo Chiriku alilijua tangu utotoni. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Daktari," alisema kwa sauti nyembamba. "Hapati yote. Anapata nusu. Mama, nisamehe."

Mama alimkata jicho ambalo Chiriku hakuwahi kukatwa maishani mwake, kisha akafunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Ni kweli," alisema. "Akinywa yote namwona anazimika mbele yangu. Niliona aibu kusema, ungeniona mama mbaya."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, jicho lako liliona sawa, ila mkono wako ulikosea. Ningeongeza dawa hii leo, ningemdhuru mtoto nikidhani namsaidia. Ungeniambia kwamba dawa inamlevya, ningejua pa kuanzia."

"Na hicho kipimo? Kikisema ugonjwa umetoka kwangu, nitauficha wapi uso wangu kwa wifi yangu?"

"Hiki hakimtafuti aliyeleta ugonjwa. Kinatazama mwili wa Bosi unavyoitumia dawa. Wapo ambao mwili huiondoa upesi, na wapo ambao huichelewesha, ikajazana kama maji kwenye sinki lililoziba. Si kwamba kitamponya, na si dawa zote kinazozieleza. Na majibu utapewa wewe. Wifi yako hayamhusu."

Mama akajifuta macho. "Mimi kitambaa cha mtu sikikati kabla ya kukipima, sembuse mwili wa mwanangu. Mpimeni."

Muuguzi alisugua ndani ya shavu la Bosi kwa kijiti chenye pamba. Bosi akaking'ata, kisha akanyoosha kidole mlangoni kumwamuru muuguzi atoke. Hata mama akacheka kidogo. Walilazwa siku chache, daktari akampangia kiasi kidogo na kumwangalia kwa karibu.

Majibu yalichelewa, na kwa muda wote huo Chiriku alishtuka kila simu ilipolia. Hatimaye daktari aliwaita. Mwili wa Bosi ulikuwa unaichelewesha dawa ile. Akaanza kumhamishia nyingine polepole. Kifafa hakikuisha kabisa, lakini kilimshika mara chache sana, na Bosi alianza kushinda akiwa macho, akiamrisha nyumba nzima.

Jioni moja mama alimwita Chiriku. "Siku ile hospitali nilitaka kukuzaba kofi."

"Niliona, mama. Nilidhani nimekukosea heshima."

"Nikikosea mbele ya wakwe, mwanangu, nisitiri. Hiyo ni adabu. Lakini mbele ya daktari tusifichane, mimi wala wewe. Aibu ilikuwa yangu, na dawa ile angekunywa Bosi, ambaye hawezi hata kusema inamuumiza."