Jiko la Shaba la Bi Tuba

Bi Tuba wa mji wa Kerman aliamka mapema, akalisugua jiko lake la shaba mpaka likang'aa. Leo mwanawe Farhang alikuwa anarudi kutoka kituo cha tiba. Alikuwa ameacha kuvuta kasumba, na mama alitaka akae kifalme.

Akamtandikia godoro lake lilelile, palepale pembeni mwa jiko. Akawasha mkaa. Akachemsha chai, akaikoleza kwa sukari ya mawe. Kila kitu kikawa kama zamani, isipokuwa kiko cha kasumba.

Farhang aliingia, akambusu mama yake mikono, akaketi.

"Umekonda kama ufagio," mama alimtania.

Farhang alicheka. Kisha akayatazama makaa. Jasho likamtoka, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Mama, natoka mara moja. Nanunua sigara."

"Sigara? Tangu lini unavuta sigara wewe?"

 Farhang alikuwa tayari anatafuta viatu vyake. Bi Tuba aliogopa sana. Akamwita jirani yao Mahin, muuguzi wa kliniki, ambaye alikuja mbio na unga wa ngano mikononi. Mahin aliliona jiko, akaliona na godoro.

"Bi Tuba, zima makaa hayo. Farhang, kaka yangu, njoo kwangu unisaidie kukata vitunguu."

Wote watatu wakaenda jikoni kwa Mahin.

"Nimemwandalia kila anachopenda," Bi Tuba alilalamika. "Nimekosea nini?"

"Umempenda tu, Bi Tuba. Lakini ubongo una sehemu inayokumbuka kilichotupa raha, ili tukitafute tena. Kasumba imeiteka sehemu hiyo kwa miaka. Imezoea hivi: harufu ya mkaa, chai tamu, godoro lile, halafu kasumba. Sasa ikinusa mkaa tu, inamsukuma akatafute kilichobaki."

"Si alishaacha?"

"Ameacha, ila ubongo haujasahau. Na sehemu ya mbele, ile inayotuambia 'ngoja kwanza', imedhoofika. Inapona, lakini polepole."

"Kwa hiyo alipotaka kutoka hakunidharau?"

"Hata kidogo. Na wewe Farhang, hamu hiyo hupanda, halafu hushuka. Usiifiche. Ikija, ondoka mahali hapo, mwambie mtu. Na kliniki usiache kuja."

Farhang alikuwa anafuta machozi. "Vitunguu hivi," akasema.

"Naviona," Mahin akajibu, akamsogezea vingine.

Jiko lile lilikuwa la marehemu mama yake Bi Tuba. Aliliaga kama anayeaga mtu, akampelekea dada yake anayeishi mbali. Alinunua hita ya gesi. Godoro akalihamishia dirishani, na chai wakawa wanainywa jikoni, kwa vileja vya tende. Farhang alirudi kazini kwenye shamba la njugu za pistachio, na kliniki hakukosa.

Siku moja ya majira ya machipuko, majirani walikuwa wanachoma nyama. Moshi wa mkaa ukaruka ukuta, ukaingia uani. Bi Tuba alimwona mwanawe akisimama ghafla. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Mama akasubiri kusikia habari ya sigara.

"Mama," Farhang akasema, "moshi huu unaniita. Twende tukatembee."

Bi Tuba hakungoja hata kubadilisha kandambili. Alimshika mkono, wakatoka, wakazunguka mitaa wakibishana ni nani anayepika wali vizuri zaidi, yeye au Mahin. Waliporudi, makaa ya majirani yalikuwa yameshakuwa majivu, na Farhang alikuwa anaulizia chakula.