Sanduku Namba Arobaini na Moja

Mashine waliyoiita Msukaukoo ilihitaji dakika sita tu. Ilisoma vinasaba kwenye chembe ya mfupa, ikapekua mate ya mamilioni waliojiandikisha nchini, kisha ikaanza kuchora ukutani: binamu wa Ifakara, shangazi wa Songea, babu aliyekufa zamani. Mistari ilipokutana, marehemu aliyeokotwa bila jina alipata jina lake. Kwa miaka kumi na minne Daktari Zawena Kobelo aliiongoza mashine hiyo jijini Morogoro, na watu mia tisa waliouawa na kutupwa walirudishwa kwao.

Ijumaa hiyo ya mwaka 2089 alikuwa anastaafu. Lutengano, fundi aliyemrithi, alikuwa akimfuta kwenye chujio la watumishi. Kila mfanyakazi aliweka vinasaba vyake humo, ili akipiga chafya juu ya mfupa mashine imtambue, iseme sampuli imechafuliwa, na isiipeleke kwenye upekuzi.

"Tayari, Dokta, nimekutoa," Lutengano alisema akicheka. "Sasa ukipiga chafya humu tutakutafutia wazazi."

Mashine, kama ilivyopangwa, ikarudia yenyewe kila sampuli iliyokataliwa kwa sababu ya Zawena. Ilikuwa moja tu, na aliijua.

Sanduku namba arobaini na moja lilikuwa na mifupa ya kijana aliyefukuliwa kwenye machimbo ya kokoto, fuvu limepasuliwa kisogoni. Mara tatu mashine ilisema Zawena ndiye aliyeichafua. Yeye, aliyewasema wenzake kwa glovu kuchanika! Mara ya tatu hakuifungua hata ripoti. Aliandika "haifai", akalisukuma sanduku kwenye rafu ya chini, akanyamaza asije akachekwa.

Sasa mstari wa kwanza ukutani ulikwenda kwa mama: Sikuzani Kobelo. Wa pili ukaenda kwa dada: Zawena mwenyewe, aliyejiandikisha kama raia wengine.

Lutengano hakucheka tena. "Dokta, hukuichafua," alisema taratibu. "Mnafanana nusu, chujio likadhani ni wewe. Huyu ni ndugu yako."

Kibwana, mdogo wake, aliaga anakwenda kazini miaka kumi na mitano iliyopita. Mama yao alitoa mate siku ile ile mashine ilipowashwa, na kila Idi aliuliza, "Mwanangu, wa wenzetu unawapata. Wetu je?" Kila Idi Zawena alijibu kwamba mashine haijamwona, huenda yu hai. Kwa jibu hilo Bi Sikuzani alikataa kumsomea hitima, akakataa na kuhama nyumba, Kibwana asije akarudi akakuta wageni.

Alasiri Zawena aliketi mkekani mbele ya mama yake, akamwambia alichokiona ukutani yeye na Lutengano. Bi Sikuzani alilia bila sauti, kwa muda mrefu. Kisha akafuta macho kwa upindo wa khanga.

"Alikuwa wapi miaka yote hiyo?"

Zawena angeweza kusema machimboni, na isingekuwa uongo mtupu. Aliutamani sana uongo huo.

"Kwangu, mama. Kazini, kwenye rafu. Miaka kumi na mmoja."

"Ukawa unampita?"

"Kila siku."

Mama yake alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine usoni pake.

"Mwambie mwenzako huyo aniletee mwanangu," alisema. "Wewe usimguse."