Johari Abisha Hodi Ujerumani

Kila asubuhi huko Mtongwe, Johari alimwogesha mwanawe Faiz, akamnyonyesha, kisha akamuuliza ami yake kama kuna habari. Ami, Mzee Mwinyihaji, alijibu vilevile kila siku: subira.

Johari alikuwa na shahada ya pili ya sayansi. Alichunguza vijidudu vya kwenye matope ya mikoko, na alitamani kuendelea na utafiti Ujerumani. Ami, aliyemlea tangu babake afariki, alikuwa na rafiki kule, muuza vipuri vya magari. Huyo ndiye angemsemea. Mtoto wa watu habishi hodi mwenyewe, alisema ami. Hata posa huenda na mshenga.

Miezi ikapita, mshenga kimya.

Siku moja jirani yao Rahima alileta bakuli la mbaazi. Rahima alikuwa mtafiti wa samaki, na alisomea Ujerumani. Aliposikia habari ya mshenga, alicheka mpaka akaliweka bakuli chini.

"Muuza vipuri atawaambia nini watu wa matope?"

"Atanisifu," alisema Johari.

"Kule, mdogo wangu, cha kukusifu ni kazi yako, na walimu waliokusimamia. Ukiombewa na mtu asiyeijua kazi yako, watauliza kwani wewe huna mdomo."

Rahima akamweleza. Taasisi za utafiti hutangaza nafasi kwenye tovuti zao wenyewe. Nyingi ni kazi za mshahara na mkataba, na mwombaji halipi mtu ili achukuliwe. Lisome tangazo lote. Soma alichoandika kiongozi wa utafiti. Kisha andika barua fupi: nimefanya hili, nimeona hili, kwenu nataka kuchunguza lile. Salamu ndefu na sifa waachie wenye harusi.

Wakatafuta pamoja, wakapata nafasi ya utafiti wa matope ya pwani. Mwisho wa kuomba ulikuwa Ijumaa.

Johari hakuwaogopa Wajerumani. Alimwogopa ami. Alimwendea, akamshika mkono, akamweleza yote.

"Kwa hivyo mshenga wangu hafai?" aliuliza ami.

"Anafaa, ami. Tukitaka gari."

Mzee alijikaza asicheke, akashindwa. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza: hayo matope yana nini? Johari akamweleza jinsi vijidudu vile vinavyoozesha majani na kulisha mikoko, na mikoko ikawalea samaki wachanga. Ami alisikiliza mpaka kahawa yake ikapoa.

"Basi waandikie hivyo hivyo," akasema.

Johari akaandika, akatuma Alhamisi. Wiki kadhaa baadaye akahojiwa kwa video, Faiz akiwa kwa ami chumba cha pili. Aliulizwa kuhusu matope, naye akajibu. Mwishoni akauliza kama angeweza kwenda na mtoto. Wakamwambia ndiyo, na kwamba watamsaidia kutafuta kituo cha kulelea watoto wachanga.

Mkataba ulipofika, watu msikitini walimuuliza Mzee Mwinyihaji ni nani aliyemtafutia binti nafasi ile.

"Mwenyewe," alijibu, akavaa viatu vyake.