Shujaa wa Profesa

Jioni hiyo fundi rangi alimaliza ukuta wa mwisho, akaosha brashi zake, akabeba kopo la tapentaini na kwenda chuo cha sanaa kumtafuta Profesa. Tangu asubuhi alikuwa na hasira za kupasua mtu.

Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, alikwenda kwa Profesa akiwa na kifua cha mbeba mizigo. Kazi ilikuwa kusimama tu, mkuki mkononi, achorwe shujaa wa ukumbi wa chuo. Sasa yuko kitandani, mifupa mitupu, hata kumeza maji kunamshinda. Daktari hakuona ugonjwa.

Mlango wa chumba cha kuchorea ulikuwa wazi. Ndani kulinuka jasho... jasho la mdogo wake, ambaye hakuwa amekanyaga hapo wiki nzima.

Shujaa alisimama kwenye turubai iliyoegemea ukuta, mrefu kupita mtu. Mapaja yamejaa. Shingo nene. Hata lile kovu la kidevuni lilikuwepo.

Na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Umemfanya nini mdogo wangu, we mzee?"

Profesa alikuwa ameketi sakafuni, macho mekundu. "Nilichora kama nilivyofundishwa," akanong'ona. "Mifupa kwanza, halafu nyama, halafu ngozi. Kila nikiongeza nyama huku..."

"Inapungua kule. Na ukaendelea!"

"Ilikuwa inatoka vizuri, dada yangu. Sijawahi kupata kazi kama hii."

"Dada yako nani? Koma!" Alilowesha tambara kwa tapentaini, akapanda kwenye stuli. "Naifuta."

"Futa. Lakini anzia miguuni. Yule kijana wa kwanza nilianza kumfuta kichwani, akawa..."

"Usinifundishe kazi! Rangi inafutwa juu kwenda chini, isichuruzike pote."

"Nakuomba. Miguuni."

Angemsikiliza nani? Mtu aliyemnyonya kijana wa watu huku akisifia brashi yake? Alianza na paji la uso. Rangi ilikuwa ya vuguvugu. Macho yakatoka. Pua. Mdomo ulifunguka kidogo chini ya tambara...

Alikandamiza kwa nguvu zaidi.

Alitupa sakafuni tambara lililojaa, akachukua jingine, kisha jingine, akashuka kifuani, tumboni, mpaka vidole vya miguu. Turubai ikabaki na ukungu wa kahawia. Profesa alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Simu ikaita. Mama.

"Ameamka! Mwanangu, amesimama mwenyewe, yuko mlangoni, mnene kama zamani!"

Fundi alilia kwa sauti. "Mpe simu, Mama. Niongee naye."

Alimsikia mama akiita, mara moja, mara mbili.

"Mama?"

"Nimemwita, amegeuka." Sauti ya mama ilikuwa imekauka. "Ataongeaje, mwanangu? Hana mdomo. Hana macho. Ni ngozi tu..."

Simu ilimponyoka. Na pale sakafuni, miguuni pake, tambara la kwanza lilitikisika.

"Dada," likanong'ona. "Mbona siwaoni?"