Binti wa Nyumba ya Waisiko

Duka la kuchapa pale Bomani lilifurika watu. Umeme ulikuwa ndiyo kwanza umerudi, na kila mtu alitaka fotokopi yake itoke kabla ya ile ya mwenzake. Mokami alijipenyeza katikati yao akiwa amekumbatia iritungu, zeze la Wakurya la nyuzi nane, alilolifunga kwa kitenge. Ncha ya zeze ikamchoma kijana mmoja mbavuni.

"Dada, unaniua mchana kweupe!"

"Pole, kaka. Sikuziona mbavu zenyewe, umekonda mno."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, huku akimtazama: sketi ya buluu ya mtumba iliyopigwa pasi ikanyooka, viatu vyenye vumbi la Ringwani, kijijini kwao Serengeti, na macho yasiyomwomba mtu kitu. Jina lake Benedicto, mtu wa Bukoba, hajamaliza hata mwaka Tarime. Alikuwa mratibu wa mradi wa Jukwaa Jipya, unaowatafuta wasanii wa vijijini wasio na ukumbi wala mwalimu na kuwasaidia kutunga maonyesho mapya. Fomu aliyoishika Mokami ilikuwa ya mradi huo huo.

Miezi mitatu wakafanya kazi pamoja. Mokami alitunga onyesho la peke yake, zeze mkononi na njuga miguuni, kuhusu bibi yake Waisiko. Bibi Waisiko hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo alitoa ng'ombe akamwoa mwanamke mwenzake, ili wazaliwe watoto wa kuibeba nyumba yake. Ndoa hiyo Wakurya huiita nyumba ntobhu, na watoto wake huhesabiwa wa ukoo wa aliyetoa ng'ombe. Mwanamke aliyeolewa ndiye mama yake Mokami.

Benedicto alitafuta ukumbi, taa na mwalimu wa jukwaa, na katika kutafuta huko akapenda. Asisingizie kazi. Mratibu gani anampigia msanii simu mara nne kwa siku kuuliza kama amekula?

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula, Beni. Nikinenepa nikashindwa kuruka jukwaani, utawaambia nini kamati?"

Kamati ya mradi ingekuja Jumamosi kuchagua onyesho moja la kupelekwa Mwanza na Dar es Salaam. Mokami alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka sita.

Alhamisi aliposhuka stendi, aliona bango ukutani. Picha ilikuwa yake. Chini yake, kwa herufi nyekundu: BINTI ALIYEKUA BILA BABA.

Alilibandua, akaenda nalo moja kwa moja hadi ofisini kwa Benedicto.

"Nani kaandika?"

"Mimi, mpenzi. Nilitaka watu waguswe. Kamati wakiona..."

"Usiniite mpenzi. Nani kakwambia sina baba?"

"Si ulisema mwenyewe kwamba mama aliolewa na mwanamke?"

"Ukaelewa mimi ni wa kuokotwa njiani? Nina ukoo, nina boma, nina jina! Kwetu ukimwambia mtu wa nyumba ile hana baba, umemwambia bibi yake alitoa ng'ombe bure. Na anakuja Jumamosi, Beni. Ameshashona gauni!"

"Nitayabandua mabango yote leo hii."

"Miezi mitatu unasikiliza kazi yangu. Ulikuwa unasikia nini?"

Mokami aliliweka bango mezani.

"Onyesho halipo. Tafuta yatima mwingine."

Benedicto alimpigia simu mpaka sauti ya mtandao ikamchosha. Kisha akachukua ndoo ya maji na kisu, akazunguka mjini akikwangua mabango juani, watu wakimshangaa. Kesho yake akapanda gari la kwenda Serengeti, akamalizia safari kwa bodaboda.

Bibi Waisiko alikuwa anapukuchua mahindi mbele ya nyumba. Mokami alisimama mlangoni, hakumsalimia Benedicto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye karatasi?"

"Ndiyo, bibi. Niliandika jambo nisilolijua. Nimekuja kuomba msamaha."

"Karatasi ulibandika wapi?"

"Tarime mjini."

"Halafu msamaha unaniletea huku, wausikie mbuzi?"

Jumamosi saa tisa mchana ukumbi ulikuwa umejaa. Nyuma ya pazia Mokami alimwambia Benedicto bila kumtazama, "Nimemleta bibi tu. Kupiga, bado sijasema."

Benedicto alipanda jukwaani. Kamati ilikaa mstari wa mbele.

"Bango la Alhamisi niliandika mimi," alisema, "na ni uongo. Mokami ni binti wa nyumba ya Waisiko. Bibi mwenyewe yule pale. Nilidhani msanii anasaidiwa kwa kuonewa huruma. Nimemtukana mbele yenu, na mbele yenu namwomba radhi, yeye na bibi yake."

Mmoja wa kamati alitikisa kichwa akaandika kitu. Benedicto alitamani kushuka akimbie. Ndipo waya wa kwanza wa zeze ukasikika nyuma ya pazia, kisha njuga, kisha Mokami mwenyewe. Alipiga na kuruka kwa hasira na kwa mapenzi, na alipofika mahali ambapo ng'ombe wanatolewa zizini, wanawake wa nyuma walisimama wakapiga vigelegele.

Kamati ilisema itajibu baada ya wiki. Benedicto aliambiwa afike Jumatatu ajieleze. Alimkuta Mokami nje uani, jasho likimtiririka.

"Wanaweza kunifukuza," alisema. "Kazi iwepo isiwepo, nataka kukuoa."

"Utamwomba nani?"

Mokami alikuwa anamtega, na wote wawili walijua. Akikosea hapa, yamekwisha.

Benedicto alivuka ua, akapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi Waisiko.

"Bibi, naomba binti wa nyumba yako."

Mokami aligeuza uso, watu wasimwone anavyolia. Bibi alilinyoosha gauni lake jipya magotini, akamtazama kijana kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Ng'ombe unao," akauliza, "au una karatasi tu?"